"Watoto wa Siku Hizi" na "Wazee wa Zamani": Je, Umri ni Ushahidi?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mwenzetu mmoja anayehudhuria darsa yetu ametuuliza suala ambalo twaona lastahili kujibiwa mbele ya watu wote. Yeye ana zaka ya mali ya biashara, naye ataka kuitoa inavyopasa. Mtaani kwake yuko kijana wa miaka 24, ana mke na mtoto mchanga, amesoma mpaka akamaliza chuo cha ufundi, na kila siku baada ya sala ya Alfajiri hutoka kwenda kutafuta kibarua. Siku mbili hupata, siku nne hukosa. Mwenzetu alipolitaja jina lake barazani akaambiwa, "Huyo usimpe. Watoto wa siku hizi ni wavivu, wataka pesa za bwerere. Mpe Mzee Fulani, kwani wazee ndio waliotaabika." Na huyo Mzee Fulani, Mwenyezi Mungu ambariki katika mali yake, ana nyumba tatu za kupangisha.

Jawabu la kifiqhi si refu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya At-Tawba mafungu manane ya wanaopewa zaka. Katika manane hayo hamna fungu linaloitwa wazee, wala hamna watu waliotolewa kwa sababu ya kuitwa vijana. Fakiri, kwa mujibu wa maulamaa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ni mtu asiye na mali wala chumo linalomtosha yeye na wale ambao riziki yao i juu yake. Mwenye nguvu aliye na kazi ya kumtosha hapewi. Ama mwenye nguvu asiyepata wa kumwajiri, huyo hupewa, kwani nguvu peke yake haitelekwi chunguni ikapikwa. Imepokewa Hadithi ya watu wawili waliomwendea Mtume (s.a.w.) akigawa sadaka, nao ni wenye miili ya nguvu. Akawatazama juu na chini, kisha akawaambia kuwa wakitaka atawapa, lakini hamna fungu humo kwa tajiri wala kwa mwenye nguvu aliye na chumo. Maulamaa wakalishika neno hilo la chumo, wakasema kuwa nguvu ni jambo moja na chumo ni jambo jengine. Wala Mtume (s.a.w.) hakuwauliza miaka yao.

Basi kijana yule na apewe, na Mzee Fulani asipewe. Na mtu akimpa hali anamjua kuwa ni tajiri, zaka yake haijatoka, na deni bado li shingoni mwake.

Hapo suala limekwisha, lakini mazungumzo hayajaisha. Wale waliosema maneno yale barazani si watu waovu. Ni watu wa sala, na baadhi yao ni wajuzi. Wamjua kijana yule tangu akibebwa mgongoni, wamuona akitoka asubuhi na akirejea jioni na vumbi la simenti miguuni. Macho yao yamewaonyesha mtu mwenye bidii, na ndimi zao zikamshuhudia kuwa ni mvivu. Ni kitu gani kilichoingia baina ya jicho na ulimi? Ni lile neno "siku hizi". Neno hili limekuwa kama hukumu iliyokwisha kuandikwa, hungoja jina tu litiwe ndani yake.

Nalo si jipya. Mwaka 1932 marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa, moja katika mambo aliyowaonya watu nayo ni kufuata desturi za Kizungu pasi na kuchagua jema na baya. Wale waliokuwa vijana mwaka ule ndio hao ambao leo twawasifu kuwa walikuwa na adabu na haya na bidii ya dini, na twasema watu kama wao hawazaliwi tena. Ama walikuwa wabaya wakati ule, na sifa zetu za leo ni uwongo. Ama walikuwa wema, na walionung'unika juu yao waliwadhulumu. Ama, na hili ndilo tulionalo kuwa karibu zaidi na haki, walikuwamo miongoni mwao wema na wabaya, kama ilivyo katika kila umati.

Sasa natuitazame hiyo bidii ya wazee na huo uvivu wa vijana kwa kipimo cha mambo yaliyotukia, si kwa kipimo cha masikitiko. Mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, wanafunzi wa shule za sekondari katika nchi nzima walikuwa takriban 30,000 tu. Mwaka 2024 waliofanya mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka ule mmoja peke yake, walipindukia laki tisa. Kijana aliyemaliza masomo miaka ile alikuwa akitafutwa na kazi; wa leo aitafuta kazi pamoja na wenzake laki tisa, na mwaka ujao wanakuja wengine. Babu aliyeingia Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki na cheti chake cha darasa la nane hakuwa na bidii kupita mjukuu wake mwenye diploma. Alikuta mlango uliofunguliwa. Mashirika ya reli na bandari ya Afrika Mashariki yalivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Bandarini kwenyewe, tangu yalipoingia makontena, kreni moja hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na makundi ya wapagazi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na kile cha korosho cha Kilifi kikaporomoka baada ya kuuzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, ikatolewa amri mizigo ipelekwe Nairobi kwa reli, na madereva na makarani na vibarua wa Mombasa wakaona riziki ikiwapita mbele ya macho yao mpaka amri ile ilipobatilishwa mwaka 2022. Katika mambo yote haya ni lipi lililofanywa na mtoto aliyezaliwa mwaka 2000?

Mwaka 1969 watu wa Mombasa walihesabiwa wakawa karibu laki mbili na nusu. Mwaka 2019 walihesabiwa wakawa zaidi ya milioni moja na laki mbili. Kisiwa ni kile kile. Kisha twamuuliza kijana, mbona bado wakaa kwa mamako?

Walakini vijana nao wasifurahi upesi, kwani wao pia wana neno lao. Siku hizi twasikia kutoka kwao ya kuwa wazee walikula nchi wakaimaliza, walipata kazi, walipata viwanja, walipata kila kitu, na kwamba hawakuwaachia wajao baada yao ila madeni. Neno hili lina ukweli kwa baadhi ya watu. Liseme kwa waliogawiana viwanja vya serikali, nasi hatutakupinga. Lakini si la wazee wote. Nenda Majengo ukamuulize mzee aliyejenga nyumba yake ya udongo na makuti, kisha ya mabati, juu ya ardhi ya mtu mwengine, kwa ule utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi. Amelipa kodi ya kiwanja miaka hamsini, na leo mwenye ardhi ataka kuuza, naye hana hati wala hana pa kuhamia. Huyo alikula nini akakimaliza? Na wale wanawake wa rika lake, ambao wengi wao hawakupelekwa skuli, wakalea watoto kwa kupika mahamri na mbaazi alfajiri na kusuka mikeka mchana: wao walipata kazi gani ya serikali, na malipo gani ya uzeeni? Wazee wengi wa namna hiyo, waliopindukia miaka 70, tangu mwaka 2018 hutegemea zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, nazo hazifiki kila mwezi kwa wakati wake.

Na ukitaka kujua kwa nini watu wawili wa umri mmoja walipata mafungu mawili mbalimbali, usitazame mwaka waliozaliwa; tazama mambo yaliyo nyuma yao. Mwaka 1908 Serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi katika mwambao wetu, ikawataka watu walete madai yao yaandikishwe. Na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali. Kuna aliyejua, akaandikisha. Kuna aliyekuwa mbali, au hakujua kusoma tangazo, au hakuwa na fedha wala wakili, asiandikishe. Zimepita zaidi ya karne, na leo katika darasa moja la chuo wameketi vijana wawili wa miaka 20, mmoja ni mjukuu wa yule na mmoja ni mjukuu wa huyu. Mmoja aitwa bwana shamba, mwengine aitwa skwota katika ardhi aliyozikwa babu yake. Ukiwaita wote wawili kwa jina moja la kizazi, umewaeleza nini?

Hayo majina ya vizazi yenyewe hayakuzaliwa kwetu. Yametoka Marekani. Huko, baada ya Vita Vikuu vya Pili, watoto walizaliwa kwa wingi usio wa kawaida, na waliozaliwa baina ya 1946 na 1964 wakapewa jina lao. Kisha watu wa biashara na waandishi wakaona jambo hili lauza; na mwaka 1991 William Strauss na Neil Howe wakatoa kitabu kilichoigawa tarehe yote ya nchi yao kwa vizazi, kila kizazi na tabia yake. Mpaka leo wamo katika kutia majina, sasa wamefika herufi ya Z na wameirudia Alfa. Hata wajuzi wa mambo ya jamii wa kwao wamelalamika: mwaka 2021 Profesa Philip Cohen wa Chuo Kikuu cha Maryland, pamoja na wenzake wengi, waliandika barua ya wazi kulitaka shirika la utafiti la Pew liache kutumia majina haya, na mwaka 2023 shirika hilo lenyewe likatangaza kuwa litajizuia sana katika kuyatumia. Wenye nguo wameanza kuivua, na sisi huku ndio twaing'ang'ania. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1950 katika mashamba ya Mto Tana ana uhusiano gani na kurudi kwa askari wa Kimarekani makwao?

Sababu ya wajuzi hao ni ya akili, na hata asiyesoma Kiingereza huifahamu. Mambo matatu huchanganywa katika neno kizazi. La kwanza ni umri: kijana ana haraka na mzee ana hadhari, na ndivyo ilivyokuwa tangu Adam. La pili ni zama, nazo huwapata wote. Bei ya unga ikipanda hupanda kwa babu na kwa mjukuu, na simu ikija humshika mkubwa na mdogo. (Wanaolalamika kuwa vijana hawainui vichwa kwenye simu ndio hao hao wanaotuletea, saa sita za usiku, habari zisizo na asili na dawa za kisukari za majani ya mwarobaini.) La tatu ni ule mwaka wa kuzaliwa wenyewe. Ukitaka kusema kuwa hawa ni wavivu kwa sababu ya kuzaliwa kwao, sharti kwanza uondoe la umri na uondoe la zama, kisha utazame kimebaki nini. Hatujamuona hata mtu mmoja barazani aliyefanya hesabu hiyo.

Tuchukue mfano ulio mchungu. Husemwa kuwa unga, yaani heroini, ni maradhi ya vijana wa leo. Unga umo katika miji ya mwambao, Mombasa na Malindi na kwengineko, tangu miaka ya 1980. Walioanza wakati ule, wale ambao Mwenyezi Mungu amewabakisha, sasa wana miaka hamsini na sitini. Ni rika la wenye kusema. Baadhi yao wako katika foleni ya methadoni asubuhi, pamoja na vijana wanaoweza kuwazaa. Maradhi haya hayana kizazi; yana wauzaji, na wauzaji hawatajwi barazani.

Turudi katika dini yetu. Qurani imetupa habari za nabii ambaye mwanawe alikataa kupanda jahazi, akazama, naye ni Nuhu (a.s.). Na imetupa habari za nabii ambaye babake alikuwa akiabudu masanamu, naye ni Ibrahim (a.s.). Lau tabia ingekuwa yafuata kizazi, basi mwana wa Nuhu angeokoka na mwana wa Azar angeangamia. Watu wa Pangoni Qurani yawaita vijana, na Ibrahim alipovunja masanamu watu wake walimtaja kuwa ni kijana. Na hoja moja ya makafiri iliyokaririwa mara nyingi katika Kitabu ni kwamba wao wamewakuta baba zao katika mwendo huo. Kwa upande wa pili, Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alitoka kwenda vitani akiwa mzee sana, akafia karibu na kuta za Konstantinopoli, basi asiseme mtu kuwa wazee hawana azma.

Mtume (s.a.w.), katika siku zake za mwisho, alimpa Usama bin Zayd uamiri wa jeshi naye hajatimiza miaka 20 au ndio kwanza aifikie, na jeshini wamo wakubwa wa Muhajirina. Watu wakanong'ona. Mtume (s.a.w.) akatoka na maradhi yake akapanda mimbari, akawakumbusha kuwa walimsema babake vile vile hapo kwanza, naye alistahiki. Alipofariki, Abubakar (r.a.) hakumwondoa. Na Umar (r.a.) alikuwa akimtia Ibn Abbas, kijana, katika baraza la wazee wa Badri, walipouliza kwa nini, akamuuliza Ibn Abbas mbele yao maana ya Sura ya An-Nasr, wakasikia kwake lisilowapitikia. Hakuwaambia kuwa vijana ni bora. Aliwaonyesha kijana mmoja, na elimu yake.

Huenda mtu akatujibu kwa Hadithi mashuhuri ya kuwa bora ya watu ni wa karne ya Mtume, kisha wanaowafuatia, kisha wanaowafuatia hao. Hadithi hii ni sahihi, na sisi twaiamini. Lakini yasifu sahaba na wanafunzi wao kwa imani na amali zao; haikuja kumsifu ami yako kwa kuwa alizaliwa kabla ya uhuru. Na karne ile ile bora alikuwamo Abu Jahli, na walikuwamo wanafiki wa Madina. Tena ipo Hadithi katika Sahihi Muslim inayomwonya mtu mwenye kusema kuwa watu wameangamia, ya kwamba yeye ndiye aliyeangamia zaidi. Imamu Malik alifafanua: akisema kwa huzuni juu ya dini ya watu, hapana ubaya, akisema kwa kujiona na kuwadharau, hilo ndilo lililokatazwa. Kila mtu aupime mtima wake, ni huzuni iliyomo au ni kujiona.

Wala kuwasifu watu kwa jumla si haki zaidi kuliko kuwatukana kwa jumla. Mwezi wa Juni 2024 vijana walijaa katika njia za Nairobi na Mombasa na miji mingine kuupinga mswada wa fedha. Tarehe 25 wakaingia Bunge, damu ikamwagika, na siku ya pili yake Rais akatangaza kuwa hatautia sahihi. Juma moja kabla yake waliitwa watoto wa simu wasiojua kitu. Juma moja baadaye wakaitwa kizazi kisichojua hofu. Hakukuzaliwa kizazi kipya katika juma lile. Na siku ile ile maelfu ya vijana wa umri wao walikuwa baharini wakivua, au jikoni mwa watu Riyadh na Jeddah wakifanya kazi ambayo wenzao hawakuiona, au wamelala tu. Wote hao ni "Z".

Sisi wenyewe tumo katikati. Ndevu zimeanza kuingia mvi. Wazee hutuita vijana wanapotaka kutunyamazisha, na vijana hutuita wazee kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo twasema na pande zote mbili. Enyi wazee wa kamati za misikiti yetu: kuna misikiti ambayo kijana wa miaka 35, aliyesomea hesabu za fedha, haruhusiwi kuliona daftari la wakfu kwa kuwa "bado mtoto". Katika sala, ambayo ni kubwa kuliko daftari, madhehebu yetu yamemtanguliza mjuzi zaidi wa fiqhi, kisha msomi zaidi wa Qurani, na umri ukaja nyuma ya hayo. Amr bin Salama (r.a.) aliwasalisha watu wake naye ni mtoto wa miaka sita au saba, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi zaidi. Nanyi vijana: kumtunza mzazi fakiri ni wajibu juu ya mwana mwenye uwezo, na sharia haikuweka sharti kwamba rika lake liwe lilitawala vizuri.

Ama mwenzetu aliyeuliza, twamwongezea jambo moja aliloliuliza mwisho: je, amwambie kijana yule kuwa fedha hizo ni zaka? Si lazima amwambie. Akiwa ataona haya, ampe bila ya kutaja, na nia ya mtoaji yatosha. Na akiona bora kumnunulia vyombo vya ufundi wake badala ya fedha mkononi, maulamaa wetu wamesema mwenye ufundi hupewa kiasi cha kupatia vyombo vyake. Lakini yafaa amkabidhi fedha zenyewe au apate idhini yake kwanza, kwani haki ni ya mpewaji. Vyombo vya fundi umeme, tumeuliza madukani, havipungui bei. Basi asigawe zaka yake vipande vipande vya shilingi mia mia kwa watu hamsini. Wallahu a'lam.